Tanuri lingali lawaka, mji umepukutika: Takwimu za Braddock zatufunza nini?

MWISHONI mwa barabara kuu ya mji wa Braddock, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kuna kiwanda ambacho kimekuwa kikitengeneza chuma cha pua tangu mwaka wa 1875. Moshi wake hupaa usiku na mchana, nacho bado kinawaajiri mamia ya watu.

Mgeni anayekiona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba wanaoishi kivulini mwake ni watu wenye nafasi. Takwimu za serikali, hata hivyo, zinasema vingine.

Mnamo 1920, maafisa wa sensa walihesabu watu 20,879 mjini humo. Walipohesabu mwaka wa 2020, walipata watu 1,721 pekee. Yaani katika kila watu 12 waliokuwepo karne moja iliyotangulia, amesalia mmoja.

Kuhusu mapato, sensa ya mwaka wa 2000 ilionyesha kwamba nusu ya kaya za Braddock zilikuwa zikipata chini ya dola 18,473 kwa mwaka. Kiwango kama hicho kwa taifa zima kilikuwa dola 41,994.

Inakuwaje basi mji ambao umezalisha mali kwa karne moja na nusu uorodheshwe miongoni mwa miji ya kimaskini? Jibu halimo kiwandani pekee. Limo pia katika namna tarakimu hizo zinavyokusanywa, na katika kile hasa zinachokipima. Ni jibu linalomfaa yeyote anayesoma takwimu za umaskini, awe anaishi Pennsylvania au kwingineko.

Mji usiofikia kilomita mbili

Braddock ni mji mdogo kwa kila hali. Eneo lake halifikii kilomita mbili mraba, nao uko ukingoni mwa mto Monongahela, takriban kilomita 16 kutoka katikati ya jiji la Pittsburgh. Ulipewa jina la Jenerali Edward Braddock wa Uingereza, aliyeuawa mwaka wa 1755 baada ya jeshi lake kushindwa vitani karibu na hapo na Wafaransa wakisaidiana na wenyeji wa asili wa Marekani. Ulitambuliwa rasmi kama mji wenye utawala wake mnamo 1867.

Sheria za Pennsylvania huligawanya jimbo lote katika majiji, miji midogo na tarafa. Mji mdogo, hata ukiwa na wakazi elfu moja tu, huwa na meya wake, baraza lake la madiwani, bajeti yake na mamlaka ya kutoza kodi. Katika kaunti ya Allegheny pekee, iliko Braddock, kuna serikali za mitaa 130. Mtu anaweza kuvuka barabara moja akajikuta chini ya utawala mwingine.

Udogo huo una athari za moja kwa moja. Mnamo 2005, John Fetterman alipata tiketi ya chama cha Democratic ya kuwania umeya wa Braddock kwa kumpita mpinzani wake kwa kura moja tu. Alihudumu kama meya kuanzia 2006 hadi 2019, kisha akawa naibu gavana wa Pennsylvania, na tangu 2023 amekuwa seneta mjini Washington.

Utajiri wa mji huo uliletwa na Andrew Carnegie, mhamiaji kutoka Scotland aliyejenga hapo kiwanda chake kikubwa cha kwanza cha chuma cha pua. Alikiita Edgar Thomson, jina la mkuu wa shirika la reli lililokuwa mteja muhimu. Mnamo 1889 aliufungulia mji huo maktaba, ya kwanza nchini Marekani kati ya maktaba zaidi ya 2,500 zilizojengwa kwa fedha zake duniani. Mnamo 1901 aliyauza makampuni yake kwa takriban dola milioni 480, na kiwanda kikawa sehemu ya kampuni mpya ya US Steel.

Wakati huo watu walikuwa wakimiminika Braddock. Walitoka Ireland, Slovakia, Hungary, Poland na kwingineko Ulaya. Baadaye wakaja Wamarekani weusi waliokimbia dhuluma na umaskini katika majimbo ya kusini. Watu 3,310 waliohesabiwa mwaka wa 1880 walikuwa wamefika 15,654 kufikia mwaka wa 1900. Miaka 20 baadaye mji ukafikia kilele chake.

Kuhesabu watu, kuhesabu pesa

Marekani imekuwa ikifanya sensa kila baada ya miaka 10 tangu 1790. Kila mtu huhesabiwa mahali anapoishi kwa kawaida, na siku ya marejeleo ni Aprili 1. Hapa Kenya utaratibu ni tofauti kidogo. Katika sensa ya 2019, tulihesabiwa pale tulipolala usiku wa Agosti 24. Lakini msingi ni mmoja: mtu huhesabiwa kwenye makao, wala si mahali anapofanyia kazi.

Jambo hili linaonekana dogo, ila ndilo ufunguo wa kila kitu kitakachofuata. Fundi anayeamka katika kitongoji cha mbali, akaendesha gari hadi Braddock, akashinda mbele ya tanuri kwa saa nane kisha akarejea kwake, hayumo katika takwimu za Braddock. Jasho lake liko huko, lakini jina lake na mshahara wake vimeandikwa kwingine.

Mapato nayo huhesabiwa kwa njia nyingine. Hadi mwaka wa 2000, takriban kaya moja kati ya sita nchini humo ilipewa fomu ndefu iliyouliza kuhusu mshahara, kazi, elimu na nyumba. Takwimu zilizochapishwa zilihusu mapato ya mwaka uliotangulia, yaani 1999. Fomu hiyo iliondolewa baadaye, na mahali pake pakachukuliwa na uchunguzi unaoendelea mwaka mzima kwa kutumia sampuli ya anwani kote nchini.

Kwa jiji kubwa, sampuli ya mwaka mmoja hutosha. Kwa mji wa watu 1,721, wanaoulizwa katika mwaka mmoja huwa wachache mno. Ndiyo maana Idara ya Sensa hukusanya majibu ya miaka mitano pamoja kabla ya kutangaza kiwango cha mapato cha mji kama huo, na hata hapo huambatanisha kiasi ambacho makadirio yanaweza kukosea, juu au chini. Msomaji akiona kwamba mapato ya mji mdogo yamepanda kwa dola elfu mbili, sharti atazame kwanza kiasi hicho. Huenda kupanda huko ni tofauti tu ya nani aliyeulizwa.

Hata idadi ya watu si takatifu. Katika sensa ya 2020, ili kulinda siri za wananchi, idara hiyo iliongeza mabadiliko madogo ya makusudi katika tarakimu za maeneo yote yaliyo chini ya ngazi ya jimbo. Kwa hivyo 1,721 ni takwimu rasmi na ya kutegemewa, lakini haimaanishi kwamba kila kichwa kiligongwa kwa kidole.

Pato la kati ni nini?

Takwimu ya dola 18,473 si wastani wa kawaida tuliofunzwa shuleni. Ni pato la kati. Ukizipanga kaya zote za mji kwa foleni, kuanzia inayopata kidogo zaidi hadi inayopata zaidi ya zote, pato la kati ni lile la kaya iliyosimama katikati kabisa. Kaya ni watu wote wanaoishi katika nyumba moja, wawe jamaa au la.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mtaa wenye kaya tano. Ya kwanza inapata dola 12,000 kwa mwaka, ya pili 18,000, ya tatu 30,000, ya nne 45,000 na ya tano 60,000. Wastani wa mtaa huo ni dola 33,000, na pato la kati ni 30,000.

Sasa tuseme kaya ya tano imepata bahati na mapato yake yamefika dola 600,000. Wastani utaruka hadi dola 141,000, na mtaa utaonekana wa matajiri. Pato la kati halitasogea hata kidogo, kwa kuwa kaya ya katikati ni ile ile. Hiyo ndiyo sababu wataalamu hulipenda pato la kati: tajiri mmoja hawezi kuwafunika majirani zake.

Lakini kipimo hicho nacho kina mtego wake. Turudi kwenye kaya zetu tano za awali, tuseme zile mbili zenye mapato makubwa zimehamia kwingine. Zinabaki zinazopata dola 12,000, 18,000 na 30,000. Pato la kati limeanguka kutoka 30,000 hadi 18,000, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyepoteza senti. Waliohama wana mshahara wao, na waliobaki wana wao. Mtaa umekuwa maskini kwa sababu ya nani aliyeondoka, si kwa sababu ya mtu yeyote kufukarika.

Hilo ndilo lililotukia Braddock, kwa sehemu kubwa.

Walihama tanuri zikiwaka

Simulizi iliyozoeleka ni kwamba Braddock iliuawa na kuporomoka kwa biashara ya chuma katika miaka ya 1970 na 1980. Simulizi hiyo ina ukweli, lakini tarakimu za sensa zinaonyesha kwamba ni nusu tu ya habari.

Mji ulianza kupoteza watu mara baada ya 1920. Ulikuwa na wakazi 19,329 mwaka wa 1930, wakawa 16,488 mwaka wa 1950, na 12,337 mwaka wa 1960. Kufikia 1970 hawakufika 9,000. Katika jumla ya watu 19,158 ambao mji ulipoteza kati ya 1920 na 2020, takriban 12,000 walikuwa wameshaondoka kabla ya viwanda vya bonde hilo kuanza kufungwa. Kwa ufupi, watu walihama tanuri zikiwaka.

Walienda wapi? Wengi walienda vitongojini. Gari lilimwezesha mfanyakazi kuishi mbali na moshi. Kuanzia miaka ya 1930, serikali ya Marekani ilianza kudhamini mikopo ya nyumba, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari waliorudi nyumbani wakapewa mikopo nafuu zaidi. Mfanyakazi wa chuma mwenye mshahara wa uhakika aliweza kununua nyumba yenye uwanja na hewa safi, kilomita chache kutoka kiwandani.

Mlango huo, hata hivyo, haukuwa wazi kwa wote. Kwa miongo mingi, taratibu za serikali na za benki ziliwanyima Wamarekani weusi mikopo hiyo, na mikataba ya nyumba katika vitongoji vingi iliwazuia kununua. Ubaguzi katika uuzaji na ukodishaji wa nyumba ulipigwa marufuku na sheria ya taifa mnamo 1968 pekee. Wakati huo walioweza kuhama walikuwa wameshahama. Haishangazi kwamba kufikia mwaka wa 2000 takriban thuluthi mbili za wakazi wa Braddock walikuwa Wamarekani weusi.

Kisha pigo la pili likaja. Viwanda jirani vilifungwa kimoja baada ya kingine, ukiwemo ule mkubwa wa Homestead mnamo 1986. Edgar Thomson kiliponea chupuchupu, na mnamo 1992 kikawekewa mitambo ya kisasa ya kusubu chuma bila kusita. Mitambo hiyo ilikiokoa kiwanda, lakini haikuurudisha umati wa wafanyakazi wa zamani. Idadi ya wakazi iliendelea kushuka: 4,682 mwaka wa 1990, 2,912 mwaka wa 2000, na 2,159 mwaka wa 2010.

Kodi hufuata kitanda

Mtu anaweza kusema kwamba si neno wafanyakazi wakilala kwingine, mradi kiwanda kiko Braddock. Hapa ndipo sheria za kodi zinapoingia.

Miji midogo ya Pennsylvania hutegemea hasa kodi za aina mbili. Ya kwanza hutozwa ardhi na majengo. Ya pili hutozwa mshahara wa mfanyakazi, na kwa kawaida huenda katika mji anakoishi, si anakofanyia kazi. Mji wenye kiwanda huruhusiwa kumtoza kila anayefanya kazi humo ada ya huduma isiyozidi dola 52 kwa mwaka. Hicho ndicho kiasi ambacho fundi anayelala kitongojini huiachia Braddock kutokana na mshahara wake wa mwaka mzima.

Mji lakini haupunguzi gharama zake kwa kadiri watu wanavyopungua. Barabara zina urefu ule ule, na mabomba ya maji machafu, yaliyochimbiwa watu 20,000, yanahitaji kutunzwa hata wakibaki 2,000. Nyumba iliyoachwa hailipi kodi, na ikichakaa hugeuka gharama, kwani mji hulazimika kuibomoa. Baraza likipandisha viwango vya kodi, wenye uwezo hupata sababu nyingine ya kuhama. Lisipopandisha, taa za barabarani huzimika.

Mnamo 1987 jimbo lilipitisha sheria ya kuisaidia miji iliyolemewa kifedha, na mwaka uliofuata Braddock ikawa tayari imeingizwa katika orodha hiyo. Mnamo Januari 2010 hospitali ya mji, ambayo asili yake ni mwanzoni mwa karne ya 20, ilifungwa na wamiliki wake. Wakazi walipoteza matibabu ya karibu na ajira kwa mpigo mmoja. Walioathirika zaidi walikuwa wazee na wasio na magari, watu wale wale ambao hawakuwa na uwezo wa kuhama.

Je, dola 18,473 ni umaskini?

Msomaji wa Kenya ana haki ya kuuliza swali hili. Dola 18,473 kwa mwaka, yaani takriban 1,540 kwa mwezi, si fedha haba ukizibadilisha ziwe shilingi.

Lakini pesa hupimwa pale zinapotumika. Kiasi hicho ni cha kaya nzima, kabla ya kodi. Hutolewa humo gharama za nyumba, gesi ya kupashia joto wakati wa baridi kali, gari na mafuta yake, na matibabu katika nchi ambako bima ya afya ni ghali. Kwa kipimo cha Marekani yenyewe, kaya ya katikati ya Braddock ilipata senti 44 kwa kila dola ya kaya ya katikati ya taifa.

Serikali ya Marekani ina mstari wake wa umaskini, uliobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky, mtaalamu wa uchumi katika idara ya hifadhi ya jamii. Alichukua gharama ya chakula cha kimsingi cha familia na kuizidisha mara tatu. Mstari huo umekuwa ukirekebishwa kufuatana na bei. Mwaka wa 1999, kwa familia ya watu wanne, ulikuwa takriban dola 17,029. Kwa hivyo kaya ya katikati ya Braddock, kama ingekuwa na watu wanne, ingekuwa imesimama hatua moja tu juu ya mstari. Takriban asilimia 35 ya wakazi walikuwa chini yake.

Namna ya kuzisoma tarakimu hizi

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wapo watakaozichukua takwimu za Braddock kuthibitisha kwamba wakazi wake ni wavivu. Wengine watazitumia kuonyesha kwamba biashara ya kigeni ndiyo iliyoumaliza mji. Tarakimu zenyewe hazisemi lolote kati ya hayo.

Zinachosema ni kwamba mapato ya mji ni mapato ya wanaolala humo. Hazipimi mali inayozalishwa mahali hapo, wala hazimfuati aliyehama. Mtoto wa Braddock aliyesoma, akapata kazi nzuri na kuhamia Pittsburgh, amefaulu. Kwa takwimu za mji alikozaliwa, kufaulu kwake ni hasara.

Kinyume chake pia ni kweli. Turudie mtaa wetu wa kubuni. Kodi ya nyumba ikipanda na kuzifukuza kaya mbili za chini, mahali pao pakachukuliwa na kaya zinazopata dola 70,000 na 80,000, pato la kati litapaa kutoka dola 30,000 hadi 60,000. Wanasiasa watapiga makofi na kutangaza kwamba umaskini umetokomezwa. Ukweli ni kwamba umaskini umehamishwa tu.

Basi anayekabidhiwa takwimu za mapato za mji wowote na aulize maswali matatu. Ni nani waliohesabiwa, na walikuwa wangapi? Ni nani walioondoka au kuingia tangu hesabu ya awali? Na mali inayozalishwa hapo hulala wapi usiku?

Mnamo Juni 2025, kampuni ya Nippon Steel ya Japani iliinunua US Steel kwa takriban dola bilioni 14.9, kiwanda cha Edgar Thomson kikiwemo. Wamiliki hao wapya wameahidi kuwekeza takriban dola bilioni 11 nchini Marekani kufikia mwaka wa 2028.

Kama sehemu ya fedha hizo itafika Braddock, moshi utaendelea kupaa na chuma kuyeyuka. Lakini sensa ya mwaka wa 2030 haitauliza ni tani ngapi za chuma zilizotoka katika tanuri hizo. Itagonga milango iliyosalia na kuuliza swali lile lile la zamani: ni nani anayeishi hapa?